Machozi Bila Fidla

Niwaambieni kitu. Hollywood nzima ilikuwa na ndoa moja tu ambayo ningeiwekea rehani kichwa changu: ya Verna na Lucian. Ile haivunjiki, niliapa, hata uigonge kwa nyundo.

Walikutana kituo cha tramu, watu wamebanana. Sanduku la fidla la Lucian likaangusha kofia ya Verna, ya manjano yenye unyoya mrefu.

"We kaka, umeniulia ndege!"

"Samahani, dada. Nitamzika kwa muziki."

Akapiga palepale. Verna akacheka mpaka tramu ikamwacha.

Wakaoana kimyakimya, maana mkataba wa studio ulimtaka Verna asiwe na mume. Sinema zilikuwa bubu. Fidla ilipigwa pembeni ili mwigizaji alie, na Verna alilizwa na fidla ya Lucian tu. Mimi, mzungusha mpini wa kamera, niliyeijua siri yao, niliwatania, "Mume pekee mjini anayelipwa kumliza mkewe!"

Siku moja mwandishi wa gazeti akamuuliza Verna, "Kijana huyu ni nani wako?"

Verna, ndani ya hariri nyeupe, nyota yake ndiyo kwanza inang'aa, akajibu, "Huyu? Mpiga fidla tu."

Lucian alikuwa nyuma yake. Akafunga sanduku, akaenda zake San Diego.

Wakaletwa wapiga fidla wengine. Verna macho makavu. Crandall, mwongozaji wetu, akafoka mpaka sauti ikamkauka. Jioni Verna akashika simu.

"Luci, laazizi, rudi."

"Unataka mume au unataka machozi?"

"Mume, mjinga wewe! Kesho nawaambia wote. Mkataba wauchane."

"Basi nikaangie mayai. Nawasha gari."

Asubuhi Verna alimwambia kila aliyepita, "Lucian ni mume wangu, yuko njiani!" Crandall alisikia, akanyamaza. Polisi walikuwa wameshampigia simu: gari lilipinduka kwenye kona. Alingoja Verna avae gauni jeusi la mjane wa kwenye sinema, taa ziwake, ndipo akamwambia mbele ya kamera.

"Verna, Lucian amekufa. Alikuwa anakuja kwako."

Verna akageukia kiti kitupu cha mpiga fidla. Akaanguka, akiita jina lake. Hapo mimi niliuachia mpini, sikuzungusha tena hata...

"Mwongo!" Ni Bi Ottilie, mpambaji wetu, anachungulia juu ya bega langu, anasoma haya ninayoandika. "Nilikuwa sakafuni nimemkumbatia Verna. Nikakupigia kelele, 'Acha!' Ulizungusha mpaka filamu ikaisha."