Kasuku na Kopo la Vifungo

Nyumbani walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na miaka mitano. Mama yake, fundi cherehani, akikanyaga pedeli, Kasuku naye anachezea kopo la vifungo huku akimwaga maneno: "Mama, kifungo hiki kina macho manne! Mama, hiki kina jicho moja tu!"

Lakini akivuka geti la shule, kimya. Miezi minne mwalimu hakuwahi kusikia sauti yake. Siku moja alirudi sketi imelowa.

"Kwa nini hukuomba kwenda chooni, mwanangu?"

"Neno lilikwama hapa," alisema Kasuku, akishika koo.

Kesho yake jirani yao, muuguzi wa kliniki ya watoto, alikuja kuchukua gauni lake.

"Msalimie shangazi!" mama akasema. "Ukisema shikamoo nakupa peremende."

Kasuku akaganda kama sindano iliyokwama kwenye jinzi. Mama akaona aibu. "Ana kiburi huyu! Haya, shikamoo, anasema."

"Marahaba," muuguzi akamjibu mama, akicheka. "Kumbe wewe ndiye wa miaka mitano?"

Kasuku akakimbilia chumbani. Muuguzi akavuta kiti.

"Humu ndani anaongea?"

"Anaongea? Hata redio inampisha!"

"Basi si kiburi, dada. Ni hofu. Humkaba koo mahali fulani, mbele ya watu fulani. Ukimlazimisha, hofu inakua. Ukimhonga, inakua. Ukimsemea kila mara, anazoea kusemewa."

"Sasa nifanyeje?"

"Muulize, kisha hesabu moyoni mpaka tano. Akipunga mkono, nayo ni salamu. Kaongee na mwalimu. Asubuhi, kabla wenzake hawajafika, wewe na yeye mcheze darasani mchezo anaoupenda. Mwalimu asogee polepole, siku kwa siku. Na neno likitoka, msishangilie! Mkimkodolea macho, atarudi ndani kama kobe. Ikiwa ngumu, mlete kliniki. Tunao wataalamu wa kuwasaidia watoto kama yeye."

Mwalimu alikubali. Asubuhi, darasa likiwa tupu, mama na Kasuku walimwaga kopo la vifungo mezani. Siku ya kwanza mwalimu alibaki mlangoni, Kasuku akanong'ona tu. Siku ya tatu aliingia akafuta ubao, bila kuwatazama. Wiki ya pili alikaa mezani, akahesabu vifungo vyekundu.

"Tano, sita, saba. Vyekundu ni saba."

Mama alitaka kusahihisha. Akajizuia. Moja... mbili... tatu... nne...

"Nane! Kimoja kiko chini ya kiwiko chako!"

Lo! Vigelegele vilimfika mama kwenye meno. Akaung'ata utepe wa kupimia ulioning'inia shingoni mwake. Mwalimu akainua kiwiko, taratibu.

"Ehee. Kweli, nane."

Hayakwisha siku hiyo. Hofu haikatwi kwa mkasi. Hufumuliwa uzi kwa uzi. Kwanza mwalimu, kisha rafiki mmoja, kisha wawili. Mpaka siku moja Kasuku akaingia nyumbani mbio, sketi kavu.

"Mama! Leo nimesema, 'Mwalimu, naomba kwenda chooni!' Kwa mdomo wangu mwenyewe!"

Mama akaruka kutoka kwenye cherehani. Hapa ni kwake, nani amzuie? Vigelegele vikatoka vyote, mpaka muuguzi akachungulia dirishani.

"Kuna harusi?"

"Harusi gani, dada! Mtoto ameenda chooni!"

Kasuku akamtazama jirani. Hakuna aliyemwambia kitu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akajibu muuguzi kwa utulivu, kana kwamba anaisikia kila siku. Kisha akageuza uso, akatafuta upesi kitu cha kung'ata.