Chai ya Safari

Watu watatu walimkuta maiti wakidhani amelala.

Wa kwanza alikuwa mwenzake wa zamu. Alimhurumia, akamzimia taa. Wa pili alikuja kuchukua fagio, akatoka akinyata asimwamshe. Wa tatu ndiye aliyemgusa bega, saa tano asubuhi, akamwambia, "We Kobe, amka bwana, msimamizi anakutafuta." Kobe hakuamka. Alizidi kuinama pale alipokaa, juu ya ndoo iliyogeuzwa, kidevu kimezama kifuani, mkononi kashika kifuniko cha chupa ya chai.

Walimwita Kobe kwa mwendo wake. Alikuwa msukuma mapipa ya taka pale uwanja wa ndege, mwaka wa kumi na tisa huu, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

Inspekta alifika saa sita kasoro, na ilimbidi aruke watu ili apite. Ukumbi wote ulikuwa umelaliwa. Jana yake alfajiri polisi walivamia nyumba moja, wakakamata watu waliopanga kulipua ndege tatu kwa kemikali zilizofichwa kwenye chupa za vinywaji. Njama ilizimwa kabla jua halijachomoza. Lakini ndege zote zikabaki chini, barabara za kuingia uwanjani zikafungwa, simu zikakatwa mtandao, na amri ikatoka kwamba hakuna kimiminika kitakachovuka mashine ya ukaguzi. Maji, manukato, dawa ya kikohozi, maziwa ya watoto, vyote pipani. Kobe alisukuma siku hiyo kuliko anavyosukuma mwezi mzima.

Mkuu wa usalama wa uwanja alimsubiri mlangoni pa stoo, jasho likimtiririka.

"Inspekta, hii ni awamu ya pili. Sumu! Wametuingilia hadi ndani."

"Umeona jeraha?"

"Hapana."

"Povu mdomoni?"

"Hapana, ila—"

"Basi nipishe nione mwenyewe."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mbili, na kama kuna kitu kilichokuwa kikimkera ni kupewa jibu kabla hajauliza swali. Alichuchumaa mbele ya marehemu, akavaa glovu. Hakukuwa na damu, wala dalili za purukushani. Chupa ya chai ilikuwa miguuni, ya bluu, imebaki robo. Mshikio wake ulikuwa umevunjika zamani, ukafungwa kwa plasta ya hospitali, raundi kwa raundi, kwa mkono wa mtu mwenye subira. Ubavuni ilibandikwa karatasi, imeandikwa kwa kalamu ya wino: *12, 4, 8, 12, 4, 8.*

"Koplo, hizi ni nini?"

Koplo wake, kijana mrefu aliyezoea kuinama kila mlango, alizisoma. "Saa, afande. Za dawa?"

"Nani anatia dawa kwenye chupa ya chai? Hizi ni saa za uji, chupa hii huwekewa uji pia. Kuna mgonjwa analishwa kila baada ya saa nne, usiku na mchana." Alisimama, magoti yakalia. "Chukueni alama za vidole, chai ipelekwe maabara. Na niitieni huyo aliyezima taa."

Mwenzake Kobe aliletwa akilia.

"Alikunywa vitu vya kwenye mapipa?"

"Hakuwa mwizi, afande."

"Sijasema mwizi. Alikunywa?"

"Hii moja tu. Jana asubuhi ilipoletwa ilikuwa inatoa mvuke. Akasema, mtu kaipika hii kwa moyo wake, nikiimwaga nitajisikia vibaya. Akaificha nyuma ya mapipa. Leo saa kumi na mbili akaifungua, bado vuguvugu."

"Kwa nini hakwenda nyumbani?"

"Twende vipi? Waliotakiwa kutupokea zamu walizuiwa barabarani. Tumesukuma tangu jana alfajiri. Hata macho yalikuwa hayafunguki."

"Wewe hukunywa?"

"Alinipa nionje. Tamu mno, na mimi nina kisukari." Alijifuta pua kwa mkono wa ovaroli. "Nilipomkuta kainama nikasema afadhali, Kobe kapata kausingizi."

Saa tisa daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu ya mezani.

"Dawa ya usingizi," alisema. "Mkemia anakadiria vidonge sita, vimesagwa vikawa unga. Sukari imetiwa nyingi kuficha uchungu."

"Vidonge sita vinaua?"

"Mtu mzima mwenye afya, aliyelala kitandani, ataamka keshoye kichwa kizito. Huyu alikuwa na pumu, hajalala siku nzima, na akasinzia amekaa. Shingo ilijikunja, njia ya hewa ikabanwa, dawa ikamnyima kushtuka."

Inspekta akauliza, "Kama mtu angemlaza chini, ubavu?"

"Pengine sasa hivi ungekuwa unamhoji yeye."

Alirudisha simu polepole. Koplo alipouliza kama mwenzake Kobe aelezwe hilo, alimwambia afunge mdomo wake, tena aufunge kweli.

Mkuu wa usalama aliingia bila kubisha. "Waandishi wamejaa getini! Niwaambie ni magaidi?"

"Waambie wasubiri. Gaidi anatia vidonge sita, anabandika na ratiba ya uji? Mwenye chupa hii yumo humu ukumbini, na pengine yeye ndiye aliyetakiwa kuinywa. Nipe kipaza sauti."

Tangazo lilitoka mara tatu: abiria walionyang'anywa chupa za chai waje kuchukua vyombo vyao. Inspekta alipanga mezani chupa kumi na tisa, ile ya bluu katikati, imekwisha kuoshwa. Watu walikuja wakilalamika. Mmoja alidai chupa mbili, akaondoka na moja. Mwanamke mmoja aliuliza kama na maji yake yatarudishwa, maana alikuwa ameyatia barafu.

Wa kumi na moja alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, koti zuri, shati limekunjamana. Hakutazama nyingine. Alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye ile ya bluu.

"Hii ni ya mama yangu."

"Karibu ukae, kaka," alisema Inspekta.

Walikaa chumba cha ukaguzi, meza ikiwa katikati yao.

"Chai alikupikia nani?"

"Dada yangu. Mimi naishi ng'ambo, nilikuja wiki mbili kumwona mama."

"Ulikunywa?"

"Sikupata nafasi. Dada alisisitiza niinywe nikishavuka ukaguzi, nikikaa kusubiri ndege. Nimefika mashineni, wakaichukua."

"Mama anaumwa nini?"

"Akili imezeeka. Hajui sisi ni nani, halali, anatangatanga. Dada anamtunza."

"Peke yake?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Alifikiri. "Mwaka wa tisa sasa."

"Wewe na dada mmegombana?"

"Hapana. Siku ile kabla ya safari aliniomba nibaki mwezi mmoja. Nikamwambia nina kazi. Akasema sawa. Basi, akaenda kumlisha mama."

Inspekta alisukuma ile chupa pembeni. "Milango ya uwanja ilifunguliwa jana saa kumi jioni kwa wanaotoka, abiria wakaruhusiwa kwenda makwao. Kwenu ni mbali?"

"Dakika arobaini."

"Mbona umelala sakafuni?"

Alijitazama viatu. "Nilidhani ndege ingeondoka wakati wowote."

"Walitangaza hakuna ndege mpaka kesho."

"Nilisikia," alisema.

Hapo Inspekta alimwambia kilichokuwamo ndani ya chai. Uso ulimsawijika. Akasema haiwezekani, dada yake hawezi kumdhuru hata mende, na akalirudia neno hilo hadi Koplo akamshika mkono kumwongoza kwenye gari.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, mwisho wa mtaa. Mlango ulikuwa na kengele ndogo juu, ya kumjulisha aliye ndani kwamba kuna anayetoka. Mlango wa jiko nao ulikuwa na kufuli, limefunguliwa. Visu havikuonekana popote. Kwenye kochi alikaa bibi mdogo wa umbo, amevaa sweta ameligeuza mbele nyuma, akikunja taulo, akilikunjua, akilikunja tena.

"Umekuja kunipeleka nyumbani?" alimwuliza Inspekta.

"Bado kidogo, mama."

Binti yake alitoka jikoni akiwa na bakuli. Inspekta alikuwa ameona nyuso nyingi za wauaji, na huu ulikuwa wa mtu aliyechoka tu. Macho yalikuwa mekundu, kope zimevimba, na aliposimama aliegemea ukuta. Kaka yake aliachwa garini kwanza.

"Wewe ndiye uliyempikia kaka yako chai ya safari?"

Alilibana bakuli kifuani. "Amepatwa na nini?"

"Jibu kwanza."

"Ndiyo, mimi. Amepatwa na nini kaka yangu? Simu haipatikani tangu jana!"

"Ulitia nini ndani?"

"Niambie yuko hai!"

"Yuko hai. Hakuinywa."

Alikaa chini palepale, sakafuni, uji ukamwagika kwenye gauni. Alicheka na kulia kwa pamoja. Mama yake naye akacheka, bila kujua kinachochekwa.

"Basi salama," alisema. "Basi hakuna kilichoharibika."

"Aliinywa mtu mwingine. Msukuma mapipa. Amekufa, dada."

Alimtazama Inspekta, akamtazama Koplo, kana kwamba mmoja wao angesema ni utani.

"Amekufa? Kwa kulala?"

"Kwa kulala. Vilikuwa vidonge vingapi?"

"Sita. Vya mama. Nilivisaga kwa kijiko."

"Kwa nini?"

"Apitiwe na usingizi pale ukumbini. Ndege imwache." Alizungumza akipangusa uji kwa kiganja, kana kwamba akiacha sakafu chafu ndiyo atafungwa. "Nilijua ikimwacha atakasirika, lakini atarudi hapa. Tiketi nyingine ingechukua siku nne, tano. Nikasema, siku ya kwanza atalalamika. Siku ya pili nitamwambia, kaka, mshike mama, mimi naingia chumbani, nalala. Basi. Hicho tu ndicho nilichokitaka."

"Ungemwomba."

"Nilimwomba! Mwaka jana kwa simu, juzi kwa mdomo. Akaniambia, dada wewe ni jasiri." Aliendelea kupangusa. "Nina miaka tisa sijalala saa nne mfululizo. Nikisinzia, mama anafungua mlango. Mara moja nilimkuta barabara kuu, magari yanampigia honi, ananiita kwa jina la mama yake."

"Hukuwaza kwamba dawa inaweza kumwumiza?"

"Nilitaka kuijaribu mimi kwanza. Nikaikoroga kabisa kwenye kikombe. Lakini nikilala mimi, mama atashikwa na nani? Nikaimwaga." Aliinua uso. "Huyo mtu alikuwa na watoto?"

"Watatu."

Alijifunika uso kwa mikono yenye uji. Inspekta alimwacha alie, naye mwenyewe akageukia dirisha akajifanya anasoma maelezo. Kisha alimsomea haki zake na kumkamata kwa kosa la kuua bila kukusudia. Dada hakubisha. Alipofika mlangoni kengele ikalia, mama yake akainuka kumfuata, na kaka ikabidi ashuke garini mbio kuja kumshika. Alimshika vibaya, kwa viwiko, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani.

Siku ya pili yake ndege zikaanza kuruka. Mkuu wa usalama alitangaza kwamba hali imedhibitiwa. Habari ya Kobe magazeti yaliipa mistari minne.

Saa saba na nusu mchana kaka alifika kituoni. Hakunyoa, koti hakuvaa, shati lilikuwa na madoa ya uji hadi mgongoni. Mama alikuwa kwa jirani, kwa nusu saa tu, na jirani alishasema hataongeza hata dakika.

"Mama hataki kula, afande. Tangu jana. Nikimsogelea anapiga kelele kwamba mimi ni mwizi. Usiku mzima anamwita dada. Nakuomba sana, umwulize anamlishaje."

Inspekta alishuka mahabusu. Askari wa kike alisimama.

"Amelala tangu jana jioni, afande. Hajageuka hata mara moja. Asubuhi niliogopa, nikamwekea mkono puani."

Inspekta alichungulia. Dada alikuwa amelala ubavu juu ya blanketi la serikali, mdomo wazi, viganja vikiwa chini ya shavu. Alikuwa akikoroma. Inspekta alisimama pale muda mrefu kuliko alivyohitaji, kisha akaingia, akamgusa bega kwa upole.

"Dada. Amka."

Aliruka akakaa kabla macho hayajafunguka. "Saa nane? Imeshafika saa nane? Uji uko wapi?"

"Bado. Kaka yako anauliza mama anakulaje."

Alikitazama chumba, ukuta, mlango wa chuma. Alipokumbuka yuko wapi mabega yalimshuka.

"Akae kushoto kwake, sikio la kulia halisikii," alisema. "Asimwambie kula. Aanze kula yeye, mama atamwonea wivu. Uji usiwe wa moto. Na amwite 'mama', asimwite kwa jina, akisikia jina anaogopa."

"Na usiku?"

"Uji uleule, kwenye chupa ya bluu. Saa zimeandikwa ubavuni."

Chupa ilikuwa kielelezo, haingetoka. Inspekta alipanda juu akamsomea kaka zile saa, naye akaziandika nyuma ya tiketi yake ya ndege, kwa kuwa hakuwa na karatasi nyingine. Alipomaliza akazipitia kwa kalamu.

"Saa kumi na mbili na saa nne naelewa, asubuhi na jioni, lakini hapa umenitajia saa nane mara mbili."

"Ya pili ni ya usiku," alisema Inspekta.