Gauni la Manjano na Sindano ya Miezi Mitatu

Fundi cherehani alikuwa na mjukuu wa miaka miwili ambaye hajawahi kumwona. Binti yake aliolewa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Kila jioni mzee alitoa kwenye droo gauni dogo la manjano alilomshonea, akalinyoosha kwa kiganja, akalirudisha. Alitamani sana kumpakata mtoto yule.

"Si uende tu?" mke wake akamwuliza.

"Na dawa je?"

Fundi alikuwa na saratani ya tezi dume. Tangu augue, hakuthubutu kulala mbali na hospitali. Wiki hiyo alichomwa sindano mpya kwenye kalio, akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Palibaki kinundu. Akaona dawa imeganda, basi akafanya kama anavyofanya kitambaa kikikunjamana. Alipasha taulo kwa pasi, akakandamiza.

Mke akamkuta. "We baba! Kalio limekuwa suruali?"

Kesho yake akamburuta hadi kwa nesi. Nesi alicheka kwanza, kisha akaeleza.

"Mzee, dawa haijaganda. Imo ndani ya vipunje vidogo kama unga. Vimetengenezwa kwa kitu kama ule uzi wa kushonea kidonda unaoyeyuka wenyewe."

"Uzi huo naujua. Nilishonwa nao ngiri, hakuna aliyekuja kuufumua."

"Ndiyo hivyo. Vipunje vinayeyuka polepole, dawa inatoka haba na haba, inazima homoni inayolisha saratani. Usikande, usipashe moto, isije ikatoka kwa pupa. Pakivimba zaidi au ukipata homa, njoo. Jasho la ghafla ni kawaida, ila likizidi tuambie."

"Nikisafiri?"

"Dawa inasafiri nawe. Ila tarehe ya kurudi usiivuke, hata ukijiona mzima."

 Kumbe muda wote ule fundi angeweza kuuliza.

Alisafiri wiki hiyohiyo. Mtoto alimtazama kutoka mlangoni, kisha akamjia. Alipovikwa gauni, lilimbana kifuani.

"Amekua, baba," binti akasema kwa huzuni.

Machozi yalimtoka mzee. "Niliacha kitambaa cha ziada kwenye mshono wa ubavuni," akasema, akaanza kufumua, mtoto akiwa pajani.

Siku mbili kabla ya tarehe alikuwa mbele ya nesi. Kipimo cha damu kilionyesha saratani imetulia. Mfukoni alikuwa na karatasi yenye vipimo vya mtoto.

"Nichome upesi, mwanangu," akasema. "Safari hii nashona kubwa zaidi."