Mahamri Anauliza Utakuja Saa Ngapi

Kila asubuhi Mwanasiti alianza na masikio. Aliwapitia punda wa kituo chake cha matibabu mmoja mmoja akiwashika masikio, kwa kuwa punda mwenye baridi hujulikana hapo kwanza. Kipupwe kilikuwa kimeingia Garsen, na upepo wa kusi ulipenya hadi ndani ya mabanda. Alikuwa bado ameshika sikio la pili simu ilipolia: punda ameanguka sokoni, mwenyewe amemtoroka.

Alifika mbio, buti za mpira zimejaa tope, leso kichwani imelowa. Katikati ya wauza nyanya, kijana wa bodaboda aliyevaa koti la njano alikuwa amepiga magoti, kichwa cha punda kiko mapajani mwake.

"Si wangu, dada," alisema haraka. "Ila kaninyang'anya hamri mkononi, kisha akalala. Nimeshindwa kumwacha."

Mwanasiti alitaka kucheka, akaona haya. Aliinamisha sikio kwenye mbavu za punda. Mapafu yalikoroma.

Kijana huyo aliitwa Ishaq, mwana wa Kipini. Punda akapelekwa kituoni, akaitwa Mahamri. Kila jioni Ishaq alipita kituoni kumfunza kufuata kamba bila fimbo, maana Mahamri akiona mkono umeinuliwa alikuwa akitetemeka mwili mzima. Ishaq alitembea mbele, mikono chini, akimwimbia vibaya.

"Utamtia wazimu kwa sauti hiyo," Mwanasiti alinong'ona.

"Kumbe daktari wangu anajua kutania!"

Kwa simu ndipo Mwanasiti alipopata ujasiri kidogo, lakini hata huko alijificha nyuma ya punda.

"Mahamri anauliza utakuja saa ngapi."

"Mwambie nina abiria wa Idsowe. Nikimshusha tu, nageuza."

"Anasema usikawie."

"Anasema yeye, au...?"

"Yeye," alijibu, akakata simu, mashavu yakiwaka moto.

Jioni moja mvua ilimkuta Mahamri uwanjani. Ishaq alimwingiza bandani na, kwa huruma yake, akamfunga karatasi ya plastiki kuanzia shingoni mpaka mkiani. Asubuhi Mwanasiti alimkuta amelowa jasho chini ya plastiki, masikio kama barafu.

"Nani kakwambia umfunike hivi?" alimpigia Ishaq simu akifoka, na sauti hiyo ilimtisha hata yeye mwenyewe. "Aliyelowa hukaushwa kwa gunia, hafungwi plastiki!"

"Nilidhani namsaidia, daktari..."

"Usidhani! Usimguse tena mnyama wangu."

Ishaq akakata simu. Jioni ile koti la njano halikuonekana, wala jioni zilizofuata.

Mahamri akaanza kukataa pumba. Kisha akalala, asiinuke. Mwanasiti alimchoma sindano, akamsugua kwa magunia, akajaribu kumgeuza upande wa pili peke yake, akashindwa. Akaketi kwenye nyasi kavu na kushika simu.

"Ishaq... Mahamri anakuulizia."

Alikuja na abiria bado yuko nyuma ya pikipiki. Akamshusha langoni na kumwomba radhi. Yeye na Mwanasiti walimgeuza Mahamri pamoja, wakamkanda, Ishaq akamwimbia kwa sauti yake mbovu. Sikio moja lilielekea kwake. Adhuhuri ilipofika, mbavu zilikuwa zimetulia, haziinuki tena.

"Ni plastiki yangu," Ishaq alisema.

"Mapafu yalikuwa mabovu tangu sokoni. Niliyasikia siku ile." Mwanasiti alifuta pua kwa leso. "Nilikufokea kwa hofu."

Ishaq alijipangusa magoti, akachukua helmeti yake. "Basi, daktari. Sina tena wa kuniulizia hapa."

Alitembea hadi langoni. Mwanasiti akasimama, akafungua mdomo kama alivyozoea.

"Mahamri ana—"

Jina likamkwama. Chini hapo, masikio marefu yalikuwa yamelala.

"Ni mimi," alisema kwa nguvu, machozi yakimtiririka. "Mimi ndiye niliyekuwa nauliza utakuja saa ngapi. Siku zote ni mimi. Njoo kesho, Ishaq. Njoo hata kama hakuna punda."