Figo ya Jafari Iko Wapi?

— Figo ya mutoto yangu iko wapi?

Mama Madina aliuliza hata kabla hajashuka kwenye pikipiki. Kilemba chake cha kijani kilikuwa kimepinda kwa hasira, na nyuma yake kulifungwa mfuko wa mchele. Fortunée, mkamwana wake, alikuwa kwenye uwanja wa nyumba yao, mtaani Kabondo, akichambua pondu, majani ya muhogo. Akasimama, akafuta mikono kwenye kitenge.

— Karibu, mama.

— Sikuje kukaribishwa. Jafari! Kuja ushushe mchele.

Jafari, seremala wa mabega mapana, akatoka ndani polepole, mkono kwenye ubavu wa kushoto. Ulikuwa mwezi wa kwanza tangu atolewe figo. Kabla hajagusa mfuko, mkewe akaunyakua.

— Docteur alikataza abebe kitu kizito. Inje kidonda kimefunga, lakini ndani nyama bado inashikana.

— Unaona, Jafari? Amekufanya mutoto! Chumvi anakunyima, kazi anakunyima. Bon, aseme leo.

Siku ya upasuaji, daktari alitoka na beseni ndogo ili familia ione kilichotolewa, watu wasije wakasema ameibiwa. Mawe yalikuwa yameiharibu figo ile, imevimba, imejaa usaha. Mama Madina alijifunika macho kwa kitenge. Fortunée ndiye aliyeangalia. Ndiye aliyekabidhiwa.

— Ulipokea na mikono yako. Sisi Waislamu kiungo cha mutu hakitupwi, kinazikwa. Alors, ulipeleka wapi?

Fortunée akaubeba mfuko hadi mlangoni.

Simu ya Jafari ikalia. Ujumbe wa dada yake Leila: "Kaka, uliza bibi yako Fortunée vizuri. Mtaa wote unasema figo yako inatembea ndani ya tumbo la tajiri."

Jafari akausoma kwa sauti.

— Ni kweli?

— Ilikuwa imeoza, Jafari. Nani angeitaka?

— Sikuulize nani. Nauliza wapi.

— Siwezi kusema. Niliahidi mutu.

— Mutu gani? Mwanaume?

Mama Madina akacheka kicheko kikavu.

— Batu ya Isangi! Walizoea kuuza samaki, sasa wanauza na batu.

— Mama, usitukane watu ya kwetu.

Jafari akaingia chumbani, akatoka na sanduku la mkewe.

— Basi, rudi kwenu Isangi. Talaka itakufuata na boti.

Jafari hakufika mbali nalo. Sanduku likadondoka, akajikunja, jasho likamtiririka. Fortunée akakimbia na mto wa kulalia, akaukandamiza ubavuni taratibu, kama manesi walivyomfundisha. Akainua shati. Kovu lilikuwa kavu, halikufunguka.

— Shika mto. Pumua polepole.

Mama Madina akatoa kidonge kwenye pochi.

— Meza hii. Ni yangu ya magoti, inatuliza haraka.

Fortunée akakipiga, kikaangukia kwenye pondu.

— Unanipiga, mupagani wewe!

— Dawa hii inaumiza figo, mama! Amebaki na moja. Moja inatosha maisha yote kama tukiichunga. Mukinifukuza leo, nani ataichunga?

— Mimi nilimuzaa!

— Na ulitaka kumumezesha hii!

Machozi yakamtoka Fortunée. Akachukua simu, akampigia Tonton Bilali, mdogo wa marehemu baba yake Jafari, akaweka sauti kubwa wote wasikie.

— Tonton, nisamehe. Wananifukuza. Sema wewe.

Mzee akakohoa.

— Mama Madina, mimi nilimukataza asiseme. Alikuja kwangu na figo ile, akasema: "Tonton, sijui sheria yenu, nisaidie tuizike vizuri." Tukaizika pembeni ya kaburi ya kaka yangu.

— Pembeni ya baba yake? Na mutoto angali muzima?

— Unaona? Ungeanza kulia matanga mbele ya kidonda kupona. Nikasema, tungoje kwanza apate nguvu.

— Na mulifunga na nini, Bilali? Na sachet ya plastiki, sawa sukari?

— Uliza mkamwana wako.

Fortunée alijibu akiwa bado ameukandamiza mto.

— Ile nguo nyeupe ulinifunika kichwa siku ya nikaa, mama. Sikukuwa na ingine safi.

Siku ile ya ndoa Mama Madina alimfunika nayo huku amenuna, akimvuta kichwa kama anafunga mzigo.

— Fortunée, nisamehe, Jafari akanong'ona.

— Nitakusamehe ukipona. Shika mto.

Jafari akanyoosha mkono kulirudisha sanduku.

— Wacha! mama na mke wakapiga kelele pamoja.

Mama Madina akaliinua mwenyewe, magoti yakilia, akalirudisha chumbani. Alipotoka akaketi kwenye kiti cha mkamwana, akakitoa kile kidonge kwenye majani, akakitupa mbali, akaendelea kuchambua pondu.

— Chakula chako haina chumvi, alisema bila kumwangalia. Lakini pika. Tutakula vile vile.