Mlio wa Kwanza wa Kamera

Hebu niambie, umewahi kupigwa picha na mtu unayempenda, kisha ukajitafuta ndani ya picha hiyo usijione? Aluoch wa mtaa wa Ziwani yalimpata hayo.

Yeye na mpenzi wake walikutana Gikomba siku ya Jumamosi, soko limefurika. Aluoch alikuwa kwenye cherehani yake akipunguza sketi ya mteja, mara kijana mrefu mwenye koti la jinzi akarudi kinyumenyume, kamera usoni, akaikanyaga ile sketi iliyoning'inia mpaka chini.

"We buda, hiyo kamera imekupofusha?"

"Woi, pole siste. Nilikuwa natafuta mwanga."

"Na umeupata chini ya kiatu?"

"Nimeupata sasa hivi. Umenuna, lakini unawaka."

Aliitwa Ndirangu, fundi wa friji kutoka mtaa wa Mowlem. Kila Jumapili baada ya kanisa alitoka na wenzake kupiga picha, leo bustani ya Michuki Park, wiki ijayo stesheni ya Makadara. Aluoch akaanza kuandamana nao, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa kumbebea begi, amevaa gauni lake la rangi ya haradali lenye mifuko mikubwa, alilojishonea mwenyewe. Jioni simu hazikwisha.

"Umekula, Aluu?"

"Nimekula omena."

"Bila mimi?"

"Wewe si huogopa macho ya visamaki hivyo!"

Mwaka ukapita hivyo, na neno la ndoa halikutajwa. Aluoch alilitamani hata usingizini, lakini alivyolelewa, msichana hulingoja neno hilo, halitangulii.

Jioni moja kundi likapanda daraja la wapita njia juu ya barabara ya Outering, taa za magari ndiyo kwanza zinaanza kuwaka. Ndirangu akaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akamsogeza Aluoch kwenye reli, akamlaza kola vizuri kwa vidole viwili.

"Simama hivyo hivyo, usitikisike. Hii nitampelekea mama. Amwone anayenichelewesha kurudi nyumbani."

Moyo wa Aluoch ukaruka. Kamera ikalia, kacha! Papo hapo simu ikaita mfukoni, ni dada yake, Truphena, na Aluoch akashuka ngazi mbio kutafuta pasipo na kelele. Aliporudi, Ndirangu alikuwa anakunja vitu vyake.

"Tupige nyingine?" Aluoch akauliza.

"Wacha. Imetosha."

Baada ya siku mbili picha ikatokea kwenye ukurasa wa kundi. Magari yalikuwa yamegeuka nyuzi nyekundu na nyeupe, zimevutwa kutoka upande wa Baba Dogo mpaka mwisho wa macho. Reli ilikuwepo. Aluoch hakuwepo. "Kali sana," watu walisifu, "daraja tupu, hakuna hata mtu!" Akaikuza picha ile kwa vidole mpaka ikawa vumbi tu.

"Amenifuta," aliwaza. "Mama yake hataki Mjaluo, basi kanifuta kabla hajamwonyesha."

Ndirangu alipiga simu usiku huo.

"Hakuna kitu unataka kuniambia?"

"Mimi? Wewe ndiye mwenye la kusema."

"Haya. Sawa basi."

Simu ikakatika, na haikuita tena. Aluoch akawa mtu wa kujichoma sindano vidoleni. Chai ilipoa mbele yake ikafanya ngozi juu. Mvua za masika zikaja, na katikati ya mvua akasikia mama yake Ndirangu amefariki, anazikwa Murang'a. Alipiga pasi gauni jeusi, akaketi kitandani nalo mapajani mpaka mabasi ya wasindikizaji yakaondoka.

Ni Kate, mmoja wa kundi lile, aliyemburuta tena Michuki Park. Ndirangu alikuwa hapo kando ya mto, amekonda, koti la jinzi linamcheza mabegani.

"Niaje," alisema bila kucheka.

"Poa. Pole kwa mama."

"Umechelewa na hiyo pole."

"Ningekuja kama nani, Ndirangu? Mtu uliyemfuta kwenye picha?"

"Nikufute? Mimi? Ni wewe ulitoka! Nilikwambia picha ni ya mama, ukashuka ngazi kama mtu anayefukuzwa."

"Truphena alipiga simu, nami nilishasikia kamera ikilia. Nikajua imeisha."

Ndirangu akaweka kidole kwenye kitufe cha kamera.

"Ule ulikuwa mlio wa kufungua. Giza likiingia kamera hubaki wazi, inavuta mwanga polepole, halafu inalia tena ikijifunga. Anayeondoka katikati haonekani."

Aluoch akatafuta benchi kwa mkono, akakaa.

"Hukunieleza."

"Hukuniuliza. Mama aliniuliza, Aluu. Mpaka wiki ya mwisho, amelala pale hawezi kugeuka, ananiuliza yule msichana wa picha niliyomwahidi yuko wapi. Nikamwambia hakutaka."

Ndirangu akakunja miguu ya kamera, mmoja mmoja, akatundika begi begani.

"Basi, sasa tumejua. Na haisaidii kitu. Kwaheri."

Akashika njia ya lango, kichwa chini, wala hakugeuka. Aluoch alimtazama mgongo ukipungua kati ya watu, akaona hivi ndivyo mtu anavyokwenda asirudi. Akasimama, akaita kwa sauti iliyowageuza wauza njugu, na bibi harusi mmoja aliyekuwa akipangiwa shela lake kwenye nyasi apigwe picha:

"Ndirangu! Nilitaka unioe. Bado nataka."