Sauti Iliyoita Wagonjwa

Mjukuu wangu anakula kwa kuiamrisha kompyuta. Siku ya kisa hiki ilianza ofisini kwao kama siku nyingine yoyote. Jua la asubuhi lilikuwa limefika mpaka mezani, mtu alikuwa amemwaga chai kwenye zulia na kila mmoja anaapa si yeye, na vijana wa ofisini walikuwa wamejazana chumba cha nyuma kuikejeli kompyuta kuukuu iliyokaa karibu na dirisha.

"Marehemu ameamka?" mmoja akauliza.

"Anapiga mswaki. Mpe muda."

Marehemu hakuwa mtu. Kilikuwa kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, ambacho hata waliokitengeneza walishakitupa zamani. Kila ukikifungua kilikulalamikia kwamba kimepitwa na wakati, utafute kingine. Lakini mfumo ambao ofisi yao iliiendeshea hospitali, ule unaoandikisha wagonjwa na kuwaita kwenye foleni, haukukubali kufunguka penginepo. Ukiupeleka kwenye kivinjari kipya unakuwekea ukurasa mweupe kama sanda, halafu kimya.

Aliyeujenga mfumo huo, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, ni mzee waliyemwita Mzee Nukta, kwa sababu ukisahau nukta moja kwenye kazi yako alikuwa anakufuata mpaka chooni. Ndiye aliyemfundisha mjukuu kazi. Alimwita Kifaranga, ila wakiwa wawili tu, asije akamshushia heshima mbele ya wenzake. Katikati ya mistari yake aliwaachia maneno watakaokuja baada yake, kama wafanyavyo watu wa kazi hiyo. "Usiguse hapa. Hata mimi sijui kwa nini inafanya kazi." Pengine: "Ukifika hapa ukalia, pole. Mimi nililia kabla yako."

Sauti ya kuita wagonjwa ilikuwa yake pia. Alijirekodi silabi kwa silabi, mashine iweze kuunga jina lolote la binadamu. Akasahau kuondoa kikohozi kidogo cha mwanzoni. Basi kila mgonjwa alikuwa anakoholewa kwanza, ndipo anaitwa.

Mzee Nukta akaugua. Akaomba likizo, Bosi akamwambia, "Maliza kwanza, ndipo uugue." Akamaliza. Alipolazwa, Bosi akabadilisha maneno ya siri yote, akamfuta kazini, na bima ikakatika palepale. Hospitali ikamtoa kitandani akapange foleni na wengine. Akafia kwenye benchi, mchana kweupe, sauti yake mwenyewe ikimwita jina kutoka ukutani. Iliita. Ikaita tena. Mfumo ukaandika kama alivyoufundisha: Hakuitika.

Hiyo ndiyo habari ya Mzee Nukta. Iliyobaki ni ya Bosi.

Asubuhi hiyo ya chai na zulia, Bosi alikuwa anajiandaa kupokea wageni wanaotaka kuununua ule mfumo. Na chini ya kila ukurasa kulikuwa na jina la Mzee Nukta, herufi ndogo, za mtu asiyependa makuu.

"Litoe," Bosi akamwambia mjukuu. "Weka langu."

"Lakini Bosi, mzee ndiye aliye..."

"Mzee ni udongo. Udongo hausaini mkataba. Ukiona tabu, mlango unaujua."

Mjukuu ndiye anayenilisha mimi na mdogo wake. Akaenda chumba cha nyuma, akakaa kwenye kiti cha mzee.

Kazi ya namna hiyo haifanywi ukurasa kwa ukurasa. Unaiambia kompyuta: tafuta jina hili, weka lile, kote. Unabonyeza, kwisha. Ni kosa ambalo kila mtu wa kazi yao ameshalifanya na kila mmoja ameapa halirudii, maana kompyuta ukiiambia kote, haibakizi pembe. Na mifumo ya zamani ilirundika kila kitu pamoja, maagizo ya programu na mafaili ya wagonjwa, kama mwanamke mvivu anayefua soksi na vitambaa vya jikoni kwenye beseni moja.

Mzee Nukta alikuwa mgonjwa wa hospitali ile. Faili lake lilikuwemo.

Mjukuu akabonyeza.

Spika ya kompyuta kuukuu ikakohoa.

Adhuhuri Bosi alikuwa na kikohozi. Vumbi, akasema, akamgombeza mfagiaji. Kesho yake alikuja na kiatu mguu mmoja na kandambili mguu mwingine, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa umevimba. Vijana walicheka mpaka wakajificha nyuma ya kabati. "Bosi kapata toleo jipya la mguu," wakasema, "ila halijajaribiwa."

Mjukuu hakucheka. Aliukumbuka mguu ule. Aliukumbuka kwa mtu mwingine.

Akaenda kumwamsha Marehemu, kile kivinjari. Akalitafuta faili la Mzee Nukta, akakuta juu yake jina la Bosi. Chini yake, maneno ya daktari yamepangwa kama yalivyokuwa. Kikohozi kikavu. Mguu wa kushoto kuvimba. Kisha: jicho la kulia limeingia ukungu.

Akainua uso. Kupitia kioo cha ofisi alimwona Bosi ameshika karatasi. Akaziba jicho moja. Akalifungua. Akaziba la pili. Karatasi ikamtoka mkononi.

Mwisho wa faili kulikuwa na neno moja: Hakuitika.

Ukishakosea kote, unaweza kutengua kote. Ni kubonyeza tu. Lakini kulirudisha jina la mzee bila ruhusa ni kuitupa kazi, kwa hiyo akaenda kwanza kubisha kwa Bosi.

"Bosi," akanong'ona, "niruhusu nirudishe jina la mzee."

"La nini?"

"Kwa usalama wako."

Bosi akacheka mpaka kikohozi kikamkunja. "Unanitisha na maiti wewe? Yule hata akiwa hai hakunitisha. Alikuja pale nje ameziba mdomo kwa leso, ananibembeleza nimrudishie bima. Nikamwambia mlinzi afunge. Nikarudi kumalizia chakula changu, na nilishiba."

Hilo mjukuu hakuwa analijua. Alikuwa anajua mzee alifutwa. Hakujua kwamba alikuja mpaka mlangoni.

Akarudi chumba cha nyuma, akakaa. Akaweka kidole juu ya batani. Hapo ndipo alipohisi kiti kina joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi kumpisha. Na chumba kizima hakikuwa na mtu.

Akaondoa kidole. Akaenda kujitengenezea chai.

Watu wamekuja kuniuliza kama mjukuu wangu hana huruma. Ninachojua ni kwamba kikombe alikimaliza mpaka chini.

Wageni wakaja. Mapazia yalikuwa wazi, jua tele, maji ya kunywa mezani. Bosi akasimama, jicho moja amelifumba, mkono ameegemeza kwenye kiti.

"Mfumo huu," akasema, "nimeujenga kwa mikono yangu."

Akabonyeza. Ukutani pakatokea ukurasa mweupe. Akabonyeza tena. Mweupe.

Halafu, kutoka chumba cha nyuma, nyuma ya mlango uliofungwa, kikasikika kikohozi kidogo.

Likaitwa jina la Bosi. Majina yake yote mawili, silabi kwa silabi. Polepole.

Wageni wakatabasamu. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Mjukuu alikuwa amesimama karibu na mlango. Alilijua neno la kumpa. Neno moja tu: itika. Bosi akamgeukia, uso umekuwa rangi ya majivu, akamtazama kama anayeomba.

Mjukuu akafunga mdomo.

"Zimeni hiyo takataka!" Bosi akafoka.

Hakuna aliyekwenda. Kikohozi. Jina, mara ya pili. Sasa halikutoka chumba cha nyuma. Lilitoka pale pale, karibu na sikio lake.

"Nimesema zimeni!"

Kimya.

Bosi akakaa. Akakaa vizuri, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye benchi akingoja zamu. Mgeni mmoja akamgusa bega. Bosi akaegemea upande.

Ule ukurasa mweupe ukutani ukaandika: Hakuitika.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, lilikuwa limerudi jina la Mzee Nukta. Mjukuu hakulirudisha. Kidole chake hakikurudi kwenye ile batani.

Ofisi ile ilifungwa. Mjukuu akapata kazi kwingine, na hospitali ikaleta mfumo mpya, ulioandikwa na watu wengine kabisa, wenye sauti ya dada mmoja anayeita wagonjwa kwa madaha kama anauza sabuni. Juzi nilikwenda kupimwa presha, mjukuu akanisindikiza. Tumekaa, dada anaita, watu wanainuka.

Dada akanyamaza katikati ya jina.

Kikohozi kidogo.

"Kifaranga," ikasema sauti ya mwanamume.

Watu wakatazamana. Mjukuu akanishika mkono. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa amechukua namba.

"Ndiye?" nikamwuliza.

"Nyamaza, Bibi."

Kikohozi.

Nikamfinya paja kwa kucha zangu zote. "Itika, mtoto wee! Unangoja nini?"

"Nipo," akanong'ona. "Nipo, mzee."

Spika ikatulia. Dada akarudi, akamalizia jina alilolikata. Mlangoni, mashine ya namba ikatema kikaratasi bila mtu kuigusa. Nilikichukua mimi. Kilikuwa na maneno mawili. Kifaranga. Ameitika.

Vikaratasi vya mashine zile hufifia upesi, ukikaa navyo kidogo havina kitu. Hiki kimo kabatini kwangu, chini ya shuka. Kila nikikitazama, wino umekolea zaidi.